Wa Kristo kwanza: kabila, jina na ukoo wa mtu aliyeamini

"Utambulisho wako uko ndani ya Kristo." Maneno haya yamesemwa sana madhabahuni, kwenye semina za vijana, kwenye mikesha na makongamano ya akina mama, na kila yakisemwa watu huitikia Amina. Kazi inaanza Jumatatu. Yule aliyeitikia anaamka akiwa bado Mchaga wa Kibosho au Mjaluo wa Siaya. Bado ni Mama Neema, au dada wa miaka 38 ambaye kila sikukuu nyumbani wanamuuliza ataolewa lini, au kijana mwenye shahada anayeendesha bodaboda. Je, hayo yote yamefutwa? Au yamebaki kama yalivyokuwa, na Kristo ni wa Jumapili tu?

Jambo hili linanigusa kwa sababu nimeona watu wazuri wakikwama huku na huku. Wapo walioambiwa kwamba kuokoka ni kukata kila kitu cha nyuma, wakasusia hata mazishi ya wazazi wao kwa kuwa matangani palikuwa na "mila". Wapo pia waliobatizwa, wakapata kipaimara, wakaimba kwaya tangu utotoni hadi uzeeni, na siku kabila lilipoita, wakaitikia kabila. Ninachoamini ni hiki: Kristo hamwondolei mtu kabila, jina wala ukoo wake. Anaviondolea mamlaka ya kusema neno la mwisho juu yake. Ili kuelewa hilo linavyofanya kazi, hatuna budi kuanza na aliyelieleza mapema na kwa kina, Mtume Paulo.

Paulo na meza ya Antiokia

Katika barua kwa Wafilipi, sura ya 3, Paulo anajitaja kama tunavyojitaja sisi tunapoulizwa "wewe ni wa wapi?" Alitahiriwa siku ya nane. Ni wa taifa la Israeli, kabila la Benyamini, Mwebrania wa Waebrania, Farisayo, mtu asiye na hatia kwa habari ya sheria. Kabila, ukoo, elimu na sifa, vyote vipo. Kisha anasema amevihesabu vyote kuwa hasara, na katika Biblia zetu za Kiswahili neno analotumia halina adabu ya sebuleni: mavi.

Wengi huishia hapo na kusema Paulo aliutupa Uyahudi wake. Lakini kwa Warumi (11:1), akiwa ameshakuwa mtume kwa miaka mingi, anaandika waziwazi kwamba yeye ni Mwisraeli, wa uzao wa Ibrahimu, wa kabila la Benyamini. Siku aliyokamatwa Yerusalemu alizungumza Kiyunani na akida wa jeshi, muda mfupi baadaye akauhutubia umati kwa Kiebrania, na walipomfunga kamba ili wampige mijeledi, aliuliza kama ni halali kumpiga Mrumi ambaye hajahukumiwa. Kwa siku moja alitumia lugha mbili na uraia wake, bila aibu yoyote. Alichokuwa ameacha ni kuviegemea mbele za Mungu, na kuvitumia kupima nani ni mtu kamili na nani hajatimia.

Mfano unaonisaidia zaidi ni wa Timotheo na Tito. Timotheo, ambaye mama yake alikuwa Myahudi na baba yake Myunani, Paulo alimtahiri (Matendo 16:3), maana walikuwa wanakwenda kufanya kazi katikati ya Wayahudi wa maeneo yale. Tito, Myunani, hakutahiriwa (Wagalatia 2:3), na Paulo alisimama kidete hata saa moja asikubali. Tendo ni lilelile, na mtu anayesoma haraka atamwita Paulo kigeugeu. Ila kwa Timotheo tohara ilikuwa njia ya kuwafikia watu, na kwa Tito kuna waliotaka iwe sharti la kukubaliwa na Mungu. Hapo ndipo Paulo alipochora mstari. Mila inayomsaidia mtu kukaa na watu wake, aishike. Mila inayodai kwamba bila hiyo Kristo hatoshi, imevuka mpaka. Kipimo hiki kinafaa hadi leo, kwenye jando, kwenye mahari, kwenye matanga, na kinaokoa mabishano mengi kuliko orodha ndefu za "ruhusa" na "marufuku".

Kisha kuna kisa cha Antiokia, ambao ndio mji wanafunzi walikoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Petro alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi. Walipofika Wayahudi waliotoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akajitenga kwa kuwaogopa. Hakukana fundisho lolote. Hakusema neno baya juu ya mtu. Alihama meza tu, na Paulo akamkemea mbele ya watu wote, akisema Petro na wenzake hawaendi sawasawa na kweli ya Injili. Kwa mara ya kwanza nilipolielewa hili lilinishtua: katika macho ya Paulo, injili inaweza kukanushwa kwa namna mtu anavyochagua wa kula naye.

Ni baada ya kisa hicho, katika barua ileile, ndipo yanapokuja maneno yanayonukuliwa kila mahali: "Hapana Myahudi wala Myunani. Hapana mtumwa wala huru. Hapana mtu mume wala mtu mke. Maana ninyi nyote mmekuwa mmoja katika Kristo Yesu." Waliosomewa barua hiyo Galatia hawakuacha kuwa wanaume na wanawake walipotoka nje. Lugha zao waliendelea kuzisema. Mtumwa, kwa uchungu, aliendelea kuamka alfajiri. Lakini kwenye kusanyiko waliketi pamoja, wakamega mkate mmoja, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumwambia mwenzake kwamba nafasi yake ni ya pembeni. Na Yohana, anapoona umati usiohesabika mbele ya kiti cha enzi, anaona watu wa kila taifa, na kabila, na jamaa, na lugha (Ufunuo 7:9). Aliwatambuaje kuwa wa makabila na lugha mbalimbali, kama tofauti hizo zilikuwa zimeshafutwa?

Sauti iliyotangulia kazi

Kuna upande wa pili wa jambo hili, na huu unawagusa zaidi wale ambao kabila haliwasumbui sana, hasa vijana wa mjini. Wao swali lao ni: mimi nina thamani gani ikiwa sijafika popote?

Tazama Injili ya Marko, sura ya kwanza. Yesu anabatizwa Yordani, na sauti inatoka mbinguni: "Wewe ndiwe Mwanangu, mpendwa wangu, nimependezwa nawe." Katika Marko, hadi dakika hiyo hajaponya mtu, hajahubiri, hajaita mwanafunzi hata mmoja. Sauti inatangulia kazi. Na mara baada ya hapo anakwenda nyikani, na neno la kwanza la mjaribu, kwa mujibu wa Mathayo, ni "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu, amuru kwamba mawe haya yawe mikate." Maana yake, thibitisha. Onyesha matokeo ndipo tuamini wewe ni nani. Yesu anakataa kuuthibitisha uwana wake kwa mkate. Ameshaambiwa yeye ni nani, na aliyemwambia anatosha.

Jaribu hilohilo linatufikia sebuleni. Shangazi anauliza, "Sasa hivi upo wapi, mwanangu? Umeajiriwa?" Hana nia mbaya, ila kijana anasikia: thibitisha. Mwanamke aliyeishi kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto anasikia wenzake wakiitwa Mama Fulani na Mama Fulani, naye anaitwa kwa jina lake la usichana au jina la mume, na kila mwito unamkumbusha anachokosa. Kwa mtu huyu Biblia ina neno ambalo sijui kwa nini halihubiriwi mara kwa mara. Katika Isaya 56 Mungu anazungumza na matowashi, watu ambao wasingepata mtoto kamwe na ambao jina lao lingeisha nao, akawaahidi ndani ya nyumba yake ukumbusho na jina lililo jema kuliko kuwa na wana na binti. Hakuwaahidi watoto. Aliwaahidi jina, na mahali nyumbani mwake.

Hapa niseme wazi kuhusu mahubiri mengi ya "jua utambulisho wako" yanayozunguka siku hizi. Mhubiri anaanza vizuri, kisha anaingia Kumbukumbu la Torati 28: wewe ni kichwa wala si mkia. Anayesikiliza anaambiwa ajione mmiliki wa gari, mwajiri, mtu wa juu. Lakini sura hiyo ni ya agano la Israeli kama taifa, ina masharti, na ukiendelea kusoma hadi mstari wa 44 utakuta kichwa na mkia vimebadilishana nafasi. Zaidi ya hapo, mafundisho ya namna hii yanamrudisha mtu kwenye mizani ileile aliyokuja kanisani kuikimbia. Alikuwa anapimwa kwa mafanikio mtaani, sasa anapimwa kwa mafanikio kwa jina la Yesu. Asipofanikiwa anapata aibu mara mbili, kwa kuwa sasa hata imani yake inaonekana pungufu.

Paulo alichagua njia nyingine, ya kufanywa mwana. Katika Warumi 8 anasema tumepokea roho ya kufanywa wana, ambayo kwayo twalia Aba, Baba. Wasomaji wake wa Rumi walijua jambo hilo kwa macho. Kaisari Augusto, yule ambaye Luka anamtaja kwenye habari za kuzaliwa kwa Yesu, alilipata jina la Kaisari kwa kuasiliwa: Julius Caesar alimwandika kwenye wosia kuwa mwanawe, na mwaka 44 kabla ya Kristo, Caesar alipouawa, kijana huyo akarithi jina na mali. Hakuna mtoto anayejiasili mwenyewe. Anayeasili ndiye anayeamua, ndiye anayetoa jina. Hii inapingana kabisa na ushauri unaouzwa kila siku kwenye simu zetu, kwamba ujitengeneze mwenyewe, ujitangaze, ujiamini. Ushauri huo una faida zake kwenye usaili wa kazi. Ila mtu anayejitengeneza mwenyewe hapumziki, maana siku akichoka hakuna anayemshikilia.

Na uwana huu haujaonekana wote. Yohana anaandika, "sasa tu wana wa Mungu, wala haijadhihirika bado tutakavyokuwa." Mkristo anaruhusiwa kusema bado sijielewi vizuri. Anajua ni wa nani, na kujijua kwake kunaendelea kukua.

Bakhita

Wapo ambao utambulisho wao wa zamani hawakuuacha wenyewe. Waliibiwa. Josephine Bakhita alizaliwa Darfur, Sudan, karibu mwaka 1869. Akiwa bado mtoto mdogo alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa, na hofu ilimlemea hata akasahau jina aliloitwa na mama yake. Bakhita, yaani mwenye bahati, ni jina alilopewa na watekaji. Aliuzwa, akauzwa tena. Katika nyumba ya ofisa mmoja wa jeshi alichanjwa chale zaidi ya 100: michoro ilichorwa mwilini kwa unga mweupe, wembe ukaifuata, kisha vidonda vikajazwa chumvi ili makovu yasipotee.

Mwaka 1883 alinunuliwa na konsuli wa Italia mjini Khartoum, na mwaka 1885 akafika Italia, ambako alipewa familia nyingine awe yaya. Kwa muda fulani yeye na mtoto aliyemlea waliachwa kwa masista Wakanosa huko Venice. Hapo alifundishwa habari za Mungu, na baadaye alisimulia kwamba tangu utotoni, akitazama jua, mwezi na nyota, alikuwa akijiuliza ni nani Bwana wa vitu hivi vizuri. Sasa alikuwa amemjua. Mama mwenye nyumba alipokuja kumchukua, Bakhita alikataa kuondoka. Shauri likafika mahakamani, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba kisheria hakuwa mtumwa wa mtu. Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa. Miaka mingi baadaye, akiwa sista, alikuwa akilibusu birika la ubatizo na kusema kwamba hapo ndipo alipofanywa binti wa Mungu.

Natamani tuone mpangilio wa mambo hayo. Mahakama ilimpa uhuru, na uhuru ni haki ya kila mtu. Lakini karatasi ya mahakama haikuweza kumwambia ni mtoto wa nani. Hilo alilipata kwenye maji. Makovu hayakufutika, jina la utotoni halikurudi, na hata jina la watekaji alibaki nalo, na ni kwa jina hilo Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu mwaka 2000. Kilichokwisha ni haki ya waliomchanja kusema yeye ni nani. Alipoulizwa angewafanya nini watekaji wake kama angekutana nao, alisema angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa kuwa bila hayo asingekuwa Mkristo wala mtawa. Hayo ni maneno ya aliyeumizwa mwenyewe. Mtu mwingine hana ruhusa ya kuyachukua na kumwambia mwanamke aliyenyanyaswa, "Mshukuru Mungu kwa yaliyokupata."

Majina yetu

Wazee wetu wengi walitoka kwenye ubatizo wakiwa na majina ya Ulaya. Kwa Wakatoliki sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwataka mapadre wahakikishe anayebatizwa anapewa jina la mtakatifu, na watakatifu waliojulikana wakati huo karibu wote walikuwa wa mbali. Sheria ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inataka tu jina lisiwe kinyume na roho ya Kikristo. Neema, Wanjiru na Nyamizi wanaweza kubatizwa hivyo hivyo walivyo.

Kisa cha Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) kinafundisha zaidi. Mwaka 1972 Rais Mobutu, ambaye naye alibatizwa Joseph, alipiga marufuku majina ya Kikristo katika kampeni yake ya kurudi kwenye uasilia. Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alimpinga, akalazimika kukaa uhamishoni Roma kwa miezi kadhaa. Mtu angedhani Malula alikuwa akitetea Uzungu. Lakini ni huyohuyo aliyehangaika miaka mingi ili Wakongo wasali Misa kwa ngoma zao, kwa miondoko yao, wakiwakumbuka wahenga wao waadilifu, na jitihada hizo zilizaa utaratibu wa Misa ulioidhinishwa na Roma mwaka 1988. Sioni mgongano hapo. Uafrika aliupenda, ila hakukubali rais awe ndiye anayewagawia watu nafsi zao kwa amri.

Na kuna jambo lililotokea bila amri ya mtu yeyote. Karoli Lwanga aliuawa kwa kuchomwa moto Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886, pamoja naye Kizito, kijana mdogo ambaye Lwanga alikuwa amembatiza siku chache tu kabla. Walitangazwa watakatifu mwaka 1964. Leo utamkuta Kizito Mhaya, Kizito Mluhya, Lwanga wa Songea. Jina la Kiganda limekuwa jina la Kikristo, na halikulazimika kuacha kuwa la Kiganda.

Nyange na Buta

Sasa nifike mahali pagumu. Rwanda mwaka 1994 ilikuwa nchi ambayo karibu watu 9 kati ya 10 walijiita Wakristo. Kati ya Aprili na Julai Watutsi waliuawa kwa mamia ya maelfu, pamoja na Wahutu waliokataa mauaji, na wengi waliuliwa ndani ya makanisa walimokimbilia: Ntarama, Nyamata, Nyarubuye. Huko Nyange kanisa liliangushwa kwa tingatinga juu ya watu waliojificha humo, na padre wake alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2008 na mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha. Waliouawa na waliowaua walikuwa wamepokea komunyo pamoja.

Anayefundisha kuhusu utambulisho ndani ya Kristo na kuliruka hili hajafundisha. Ilikuwaje? Vitambulisho vya kabila vililetwa na Wabelgiji miaka ya 1930, na shule nyingi za misheni zilifuata mgawanyo huohuo. Baada ya uhuru viongozi wa kanisa walikaa karibu mno na dola, kiasi kwamba Askofu Mkuu wa Kigali alikuwa kwa miaka mingi mjumbe wa kamati kuu ya chama tawala. Watu walibatizwa kwa wingi, wakajua katekisimu, lakini kadi ya kabila iliendelea kuamua nani asome, nani apate kazi, nani aaminiwe. Kristo aliongezwa juu ya mpangilio uliokuwepo bila kuugusa. Siku mpangilio huo ulipodai damu, nyongeza ile haikuwa na nguvu ya kusema hapana. Maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba radhi mwaka 2016, na Papa Francis akaomba msamaha mwaka uliofuata.

Lakini ni katika Nyange hiyohiyo, tarehe 18 Machi 1997, ambapo watu wenye silaha waliingia shule ya sekondari usiku na kuwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wanafunzi walijibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda, wakakataa. Walipigwa risasi na kutupiwa mabomu, na kadhaa wakafa.

Wiki sita baadaye, tarehe 30 Aprili 1997, jambo kama hilo lilitokea kusini mwa Burundi, kwenye seminari ndogo ya Buta, yaani shule ya vijana wanaoandaliwa kuwa mapadre. Alfajiri waasi waliingia bwenini na kuwaamuru vijana wajitenge kwa makabila. Vijana walibaki pamoja. Waliuawa 40. Hawakuwa watu wasiojua kabila zao. Nchi yao ilikuwa vitani tangu Rais Ndadaye alipouawa mwaka 1993, na kila mmoja alijua ni familia zipi zimepoteza watu na kwa mkono wa nani. Padre Zacharie Bukuru, aliyekuwa akiiongoza seminari hiyo, ameeleza jinsi miaka ile walivyolelewa: kusali pamoja, kula na kulala pamoja, kucheza ngoma za kwao, na kuzungumza waziwazi juu ya mauaji na juu ya hofu zao badala ya kujifanya hayapo. Nadhani hapo ndipo penye tofauti. Ujumbe wa Wagalatia 3:28 haukubandikwa tu ukutani. Ulizoezwa kila siku mezani na bwenini, hadi amri ya kujitenga ilipokuja ikawakuta tayari ni ndugu. Burundi inawaita mashahidi wa udugu.

Wanapokuja kuposa

Wengi wetu, Mungu atusaidie, hatutaulizwa swali hilo kwa bunduki. Tutaulizwa kwa njia za kawaida. Katika Tanzania, kwa mfano, familia nyingi zina Hamisi na Hosea waliozaliwa tumbo moja. Mtu akiokoka kisha akagoma kula kwenye msiba wa baba yake mdogo Mwislamu, au akaanza kuwaita ndugu zake watu wa giza, amefanya kosa la Petro kule Antiokia na kulipa jina la utakatifu. Ulokole wake, au Ukatoliki wake, au Ulutheri wake, umekuwa kabila jipya lenye mipaka kuliko lile alilozaliwa nalo. Anayejua ni mtoto wa nani hana haja ya kulindwa na umbali. Anaweza kukaa mkekani na jamaa zake wote, akawapenda, na akabaki wa Kristo.

Ila kipimo ambacho mimi nakiamini kuliko vingine ni posa. Mzee wa kanisa amehudumu meza ya Bwana miaka na miaka. Binti yake analeta mchumba: kijana mwaminifu, anasali, ana kazi yake ndogo ya halali, wamejuana kwenye kwaya. Mshenga anafika, mazungumzo yanaanza vizuri, kisha linakuja swali la kijana ni mtu wa wapi. Jibu likitajwa, nyuso zinabadilika. "Watu wa huko hapana. Sisi na wao hatuwezani." Hakuna aliyekana Kristo sebuleni pale. Watasali kabla ya kula na baada ya kula. Lakini neno la mwisho limesemwa na kabila, na binti amelisikia.

Sisemi wazazi hawana la kuuliza. Tabia, afya, deni, malezi, hata lugha watakayosema wajukuu na bibi yao, hayo yote ni maswali ya haki. Mila za pande zote mbili zinastahili heshima, na mahari ipelekwe kwa adabu zake kama ilivyo desturi ya kila upande. Nasema tu kwamba kabila peke yake, bila kosa lolote la kijana, haliwezi kuwa sababu kwa mtu aliyebatizwa. Na wachungaji wetu wanaofundisha maandalizi ya ndoa kwa vijana wangefanya vema kuwafundisha wazazi pia, tena kabla binti hajaleta mtu, wakati bado hakuna hasira ndani ya nyumba. Wafungue Wagalatia sura ya 2, wasome habari ya Petro na ile meza, kisha wamuulize mzee huyo: kijana huyu umemkabidhi mkate na kikombe Jumapili ngapi, na sebuleni kwako atakaa upande gani?